Hiace ya 5L inagoma asubuhi ya baridi, na hita plagi zote ni mpya

Dereva_Makete
Wakuu, habari za kazi. Gari ni Hiace yenye injini ya 5L, betri moja ya volti 12. Kwa baridi hii ya Makete, asubuhi stata inazungusha vizuri lakini injini haishiki mpaka nirudierudie. Ikishika inagonga na kumisi kama dakika moja, moshi mweupe unaowasha macho. Mchana inawaka mara moja. Taa ya hita (zile plagi zinazopasha injini kabla ya kuwaka) kwenye dashibodi inawaka na kuzima kama kawaida. Fundi kabadilisha plagi zote 4, hali ni ileile, na sasa anasema tufungue nozeli zinazopuliza dizeli. Nianzie wapi kabla sijatoa hela nyingine?

spana14
Mkuu, nozeli ziache kwanza. Moshi mweupe unaowasha macho ni dizeli iliyoingia ikakosa joto la kuiunguza. Kwenye 5L dizeli haipigwi moja kwa moja juu ya pistoni, inaanzia kwenye chemba ndogo ndani ya silinda hedi. Kuta za chemba hiyo zikiwa baridi zinainyang'anya hewa joto lake, ndiyo maana injini za namna hii zinategemea sana hita.

Taa ya dashibodi usiiamini. Inaendeshwa na taima, kifaa kinachohesabu sekunde za kupasha, haina habari kama umeme umefika kwenye plagi. Inaweza kuwaka na kuzima vizuri kabisa huku plagi zote zikiwa baridi.

Chukua multimita, weka kwenye volti za DC, injini ikiwa imelala usiku kucha. Waya mweusi wa mita gusa kwenye chuma safi cha injini, mwekundu kwenye bamba linalounganisha plagi 4. Mtu afungue swichi, wewe soma ndani ya zile sekunde za kupasha. Kisha pima hapohapo kwenye vichwa vya betri, hita zikiwa bado zinavuta. Tofauti ya vipimo hivyo viwili isizidi volti 1. Ukikuta sifuri kwenye bamba, angalia fyuzi kubwa ya GLOW na rilei, ile swichi ya umeme inayopitisha umeme wa betri kwenda kwenye plagi. Ukikuta volti chache, kuna mahali umeme unapotelea njiani.

fundiwaya
Naongezea. Plagi kuwa mpya siyo ushahidi kwamba ni nzima wala kwamba ni sahihi. Fungua bamba ili kila plagi isimame peke yake, pima omu kati ya kichwa chake na injini. Ikiwa baridi, nzima inasoma kama omu 0.5 hadi 1.5. Gusisha kwanza nyaya za mita zenyewe kwa zenyewe, utakachosoma ukitoe, maana kwenye vipimo vidogo hivi nyaya tu zinaweza kula 0.3. Mita ikionyesha waya umekatika, hiyo imeungua.

Soma pia volti iliyogongwa kwenye mwili wa plagi. Zipo Toyota za dizeli za zamani zenye plagi za volti 6, zinapigwa 12 kwa muda mfupi kisha umeme unapunguzwa. Ukiifunga hiyo kwenye mfumo wa 12 wa moja kwa moja, ncha inavimba na kupasuka, na siku ya kuitoa itakusumbua.

Kama volti ni nzuri ila hita zinakatika baada ya sekunde moja au mbili, shuku sensa ya joto la maji inayoiambia taima. Kwenye Toyota nyingi inasoma kilo-omu 2 hadi 3 kwa nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 kwa nyuzi 80. Ikisoma mia chache injini ikiwa baridi, taima inaamini injini imeshapata moto.

Dereva_Makete
Asanteni sana wakuu. Plagi zote ni za volti 12 na zinasoma kati ya 0.7 na 0.9. Betri hita zikivuta ni 11.9. Kwenye bamba ni 8.3.

spana14
Umeshalipata tatizo. Joto la plagi linafuata mraba wa volti, kwa hiyo kwa 8.3 unapata karibu nusu tu ya nguvu. Hata ukifunga plagi nyingine kila wiki, haitabadilika.

Sasa itafute ile 3.6 kipande kwa kipande, hita zikiwa zinavuta: betri chanya hadi mguu wa kuingilia wa rilei, mguu wa kuingilia hadi wa kutokea, mguu wa kutokea hadi bamba, mwisho chuma cha injini hadi betri hasi. Kila kipande kizima kinasoma desimali ndogo tu.

Dereva_Makete
0.2, kisha 3.1 kwenye rilei, kisha 0.2, na 0.1 upande wa hasi.

spana14
Rilei. Inabofya, koili yake ni nzima, lakini vidole vya ndani vinavyogusana kupitisha umeme vimeungua. Volti 3.1 kwa ampea kama 30 ni zaidi ya wati 90 zinazoishia ndani ya kisanduku hicho. Iguse baada ya kupasha, utaikuta ya moto.

Usikubali ufungiwe rilei ndogo ya honi ya ampea 30. Plagi 4 zikianza kuvuta zinapita hapo. Tafuta ya hita, ampea 70 au zaidi, na waya usiwe chini ya milimita 10 za mraba. Vishikizo vibanwe kwa koleo lake, siyo kusokotwa na kufungwa tepu. Bamba lipige msasa chini ya kila nati. Nati zenyewe ni ndogo, usizikaze kwa hasira, shingo ya plagi itakatika.

fundiwaya
Na asubuhi za kusubiri hiyo rilei, asikuletee mtu petroli au dawa ya kupuliza kwenye njia ya hewa. Hita ikiwa nyekundu, mvuke huo unalipuka kabla pistoni haijafika juu, na unaweza kupinda fimbo ya pistoni au kuvunja ringi.