Noti za kukunja na kufungua: Workflowy, Logseq ama Obsidian?

Karani_wa_Rongai: Wasee, naomba ushauri kabla ya Ijumaa. Naandika kumbukumbu za mikutano na mdosi anaruka ajenda ya tatu, anarudi ya kwanza, mimi nabaki nikikokota maneno na mausi. Nataka kupanga noti kwa ngazi nikitumia kibodi tu. Nichukue gani kati ya hizo programu tatu za noti?

Kibodi254: Laptopu gani? Windows ama Mac? Intaneti iko ama ni bando ya simu? Mnauliza tu hewani.

MamaTasnifu: Workflowy, ile ya mtandaoni, usijisumbue. Tab inasukuma mstari ndani, Shift+Tab inaurudisha, basi. Ubaya ya bure ina kikomo cha mistari kwa mwezi na huyo mdosi wako ataimaliza mapema.

Jirani_wa_Umoja: Vitu vya mtandaoni mimi niliapa. Programu moja hivi, sitaitaja, nilikuwa nayo kwa mkutano wa wenye ploti, stima ikapotea, raota ikaenda nayo, nikaendelea kuchapa kwa betri nikijua inasevu kumbe ile alama ya kuzunguka ilikwama tangu saa nne. Kufungua nyumbani, noti zinaishia kwa maombi ya ufunguzi na waliotuma udhuru. Mweka hazina huniita sekretari wa maombi mpaka leo. Logseq na Obsidian angalau faili ziko kwa folda yako, hata Notepad inazifungua.

Kibodi254: Lakini si sawa hizo mbili. Logseq ukibonyeza Alt+Shift na mshale wa juu, mstari unapanda na watoto wake wote, yaani mistari iliyo ndani yake. Obsidian bila ile programu-jalizi ya Outliner unahamisha mzazi, watoto wanabaki yatima.

Mzee_wa_Emacs: Org-mode, ile ya noti ndani ya kihariri cha Emacs, iko tangu 2003. Tab inakunja mistari ya ndani, Alt na mishale inahamisha. Nyinyi endeleeni kuzunguka.

MamaTasnifu: Mzee, ni ya Ijumaa hii, si ya 2031 😂

Karani_wa_Rongai: Ni Windows, laptopu ya ofisi. Siruhusiwi kuinstol kitu.

Kibodi254: Si ungesema hapo mwanzo bana! Basi tumia Word, hiyo Alt+Shift na mishale iko pia. Kushoto na kulia ndio kubadilisha ngazi.

Karani_wa_Rongai: Shida Shift ya kushoto ilimwagikiwa chai.

Jirani_wa_Umoja: Na ya kulia?

Karani_wa_Rongai: Inashika ikitaka. Kibodi ya USB ni ngapi sai huko maduka ya Luthuli, Nairobi?

Mzee_wa_Emacs: Chai ya maziwa ama ya rangi? Ya maziwa na sukari hiyo imeenda.