Kuomba kazi ya msimu katika duka la vitabu: nitaje tarehe ya kufunguliwa kwa chuo?

Binti wa Likoni

Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja huku Pwani, nasomea ualimu wa Kiswahili na Historia. Wiki iliyopita nilipita mbele ya duka moja la vitabu katikati ya mji wa Mombasa nikaona tangazo limebandikwa kwenye kioo cha mlango. Wanatafuta wasaidizi wa msimu wa kufungua shule, kuanzia tarehe 15 Desemba hadi tarehe 31 Januari, na mwenye nia apeleke barua ya maombi, wasifu wake na nakala ya kitambulisho pale pale dukani.

Kazi hii naitaka kwa moyo wote, kwa sababu mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, haumalizi karo yangu na sipendi kumrudia mama kila muhula na ombi lile lile. Tatizo ni kwamba chuo chetu kinafunguliwa Jumatatu tarehe 19 Januari, yaani karibu wiki mbili kabla ya msimu wao kwisha. Rafiki yangu ananishauri ninyamaze, nipate kazi kwanza, halafu siku hiyo ikifika nijieleze. Mimi naona ni kama kuwadanganya, lakini nachelea pia kwamba nikiitaja tarehe hiyo katika barua, wataiweka kando bila kusoma zaidi.

Sina uzoefu wa duka la vitabu. Nilichofanya ni kumsaidia shangazi kila Jumamosi kwa miaka miwili katika kibanda chake cha kuuza madaftari na kalamu, ambapo pia anahudumia wateja wa M-Pesa. Je, hilo nalo ni la kuandika? Na barua niiandike kwa lugha gani, maana tangazo lenyewe limeandikwa kwa Kiingereza?

Rafu ya Tatu

Dada, nimefanya kazi hiyo misimu miwili nikiwa mwanafunzi kama wewe, na ninakuomba usimsikilize rafiki yako. Katika msimu wangu wa kwanza tulikuwa na mwenzetu aliyeficha tarehe yake ya kurudi chuoni. Alituaga saa mbili asubuhi, siku ambayo foleni ya wazazi ilikuwa imeshafika mlangoni, na kazi yake ikatuangukia sisi watatu tuliobaki. Alilipwa siku zake zote, lakini mwaka uliofuata alipoomba tena, barua yake haikujibiwa.

Tena tarehe yako si mbaya kama unavyodhani. Tangazo linasema hadi mwisho wa Januari, lakini uzito wa kazi hauko huko. Shule zinafunguliwa tarehe 5 Januari. Wazazi wenye nafasi huanza kuja mara tu baada ya Krismasi, walio wengi hungoja mshahara wa Desemba au pesa za jamaa, na wale wa mwisho huja wiki ya kwanza ya masomo baada ya mtoto kurudi nyumbani akisema mwalimu amemuuliza kitabu. Kuanzia tarehe 27 Desemba hadi Jumamosi ya pili baada ya shule kufunguliwa, hutakaa chini. Siku hizo zote wewe upo. Liseme hilo katika barua kwa tarehe kamili, na utaona kwamba kile unachokiogopa ndicho kitakachokusaidia.

Nikueleze pia kazi yenyewe ilivyo, kwa sababu nilipoomba mimi nilidhani nitakuwa nikipanga riwaya kwenye rafu. Tangu Januari 2018 serikali imekuwa ikipeleka vitabu vya kiada moja kwa moja katika shule za umma, kwa hiyo wengi wanaokuja dukani na orodha ndefu ni wazazi wa shule za kibinafsi, na wengine huja kutafuta vitabu vya marudio, kamusi, atlasi, madaftari na vifaa vya jiometri. Mzazi anakuja na simu mkononi, orodha ameipiga picha kutoka kundi la WhatsApp la darasa, picha yenyewe imekatika upande mmoja, na mstari wa tatu unasema tu "Kiswahili Gredi ya 4", bila jina la mchapishaji. Vitabu vilivyoidhinishwa kwa somo hilo na gredi hiyo ni zaidi ya kimoja, na jalada la kitabu cha mwanafunzi linafanana sana na la mwongozo wa mwalimu. Wiki yangu ya kwanza nilimpa mama mmoja mwongozo wa mwalimu kwa sababu rangi ilikuwa ile ile. Alirudi kesho yake kutoka Mtwapa, amembeba mtoto mgongoni, na nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa yake. Tangu siku hiyo sikumkabidhi mtu kitabu bila kusoma maandishi madogo ya chini ya jalada kwa sauti, yeye akisikia.

Barua iandike kwa lugha ya tangazo. Ukifika kwa wateja utashukuru kwamba Kiswahili chako ni kizuri, kwa maana ndicho utakachokizungumza kutwa nzima.

Msimamizi wa Zamu

Mwanangu, nimesimamia duka la vitabu kwa miaka kumi na mmoja na kila Novemba mimi ndiye ninayezisoma barua hizi. Ninakubaliana na mwenzangu hapo juu kuhusu tarehe, ila kuna jambo moja ambalo hakuliona kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Baada ya wiki ya pili ya shule huja wanaotaka kubadilisha: kitabu kimenunuliwa mara mbili, mwalimu amesema mchapishaji ni mwingine, mtoto amehamishwa shule. Halafu mwisho wa mwezi tunahesabu bidhaa zote za dukani na za ghalani. Kwa hiyo wiki hizo mbili si tupu, na mimi huhitaji kujua mapema ni nani atabaki. Ikiwa chuo chako kiko karibu kiasi cha kurudi nyumbani mwisho wa wiki, andika kwamba utaweza kuja Jumamosi za tarehe 24 na 31 Januari. Ikiwa hutaweza, usiahidi.

Kuhusu kibanda cha shangazi, hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho ningependa kukisoma. Waombaji karibu wote huniandikia kwamba wanapenda sana kusoma, na ninawaamini, lakini Januari nahitaji mtu anayeweza kurudisha chenji sawasawa huku watu wanne wakimsemesha kwa pamoja. Usiandike tu kwamba una uzoefu wa biashara. Andika kwamba kwa miaka miwili, kila Jumamosi, ulikuwa ukihesabu pesa za jioni pamoja na shangazi na kuzilinganisha na daftari la mauzo, kama kweli mlifanya hivyo. Taja kwamba umezoea daftari la mistari na la miraba, na kwamba unajua mtoto wa gredi za chini hutumia lipi. Hayo yananionyesha mtu ambaye sitahitaji kumfundisha kila kitu ndani ya siku mbili.

Nieleze pia unakaa wapi na jioni utarudije nyumbani. Likoni ni mbali kwa mtu anayetoka kazini saa mbili usiku, na mimi sipendi kumpangia msichana zamu ya jioni nisijue kama kuna atakayevuka naye kivuko. Si swali la kukunyima kazi. Ni swali la kupanga zamu, na wanaoniambia mapema huwapa za asubuhi.

Mkiitwa kwenye mahojiano, tarajia jaribio dogo. Mimi humpa mwombaji orodha halisi ya shule, nikampeleka kwenye rafu na kumwacha dakika tano. Simpimi kwa wingi wa vitabu alivyovipata. Ninatazama kama atakuja kuniuliza pale ambapo orodha haieleweki, au atachukua chochote kilicho karibu. Januari hii ya 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya wa umilisi wanaingia Gredi ya 10, na vitabu vyao ni vigeni hata kwetu sisi wauzaji, kwa hiyo anayeuliza ana thamani kubwa kwangu kuliko anayejifanya kujua.

Jambo la mwisho: usikimbilie kulipia cheti cha polisi cha maadili mema kabla hakijatakiwa. Tangazo limetaja barua, wasifu na nakala ya kitambulisho, basi peleka hivyo vitatu.

Mwanasheria Mtarajiwa

Ninaomba kuongeza jambo ambalo hakuna aliyeniambia nilipokuwa natafuta kazi kama hii katika mji mwingine. Tulikuwa watatu tukipokezana sanduku moja la pesa, kila mtu akiingia na kutoka, na siku ya tatu jioni zilipungua shilingi 1,900. Hakuna aliyeuliza zilipoteaje. Mwisho wa wiki kila mmoja wetu alikatwa sehemu yake, bila karatasi yoyote, nami nililia njia nzima kwa sababu nilijua sikuchukua hata shilingi moja.

Sasa nasomea sheria, na ninajua kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ina kifungu cha 19 kinachoeleza ni makato gani yanaruhusiwa. Mwajiri anaweza kukata upungufu wa pesa uliotokana na uzembe au ukosefu wa uaminifu wa mfanyakazi ambaye mkataba wake unasema wazi kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa pesa. Kugawanya upungufu kwa kila aliyekuwepo, watu wasio na mkataba unaosema hivyo, hakumo humo. Kwa hiyo, dada yangu, kabla ya siku ya kwanza uliza kwa adabu mambo haya: utawekwa kwenye malipo au kwenye rafu, kama ni malipo utakuwa na sanduku lako peke yako, na nani atahesabu nawe pesa za kuanzia asubuhi na za kufungia jioni. Mkishahesabu, nyote wawili mtie sahihi.

Uliza pia kama utalipwa kwa siku au kwa mwezi. Kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, kifungu cha 37 kinamhesabu kuwa na mkataba wa kulipwa kwa mwezi, na hapo anastahili hata siku moja ya mapumziko yenye malipo kila wiki. Kuanzia tarehe 15 Desemba hadi 18 Januari umeshaupita mwezi. Na ukilipwa kwa mwezi chini ya shilingi 24,000, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara (PAYE) haikuhusu, ingawa makato ya bima ya afya ya jamii, mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF) na ada ya nyumba za bei nafuu yanaweza kuwepo.

Binti wa Likoni

Nawashukuru sana nyote, na pole sana, mwenzangu, kwa yaliyokupata. Nimezungumza na shangazi, naye amekubali jina lake na nambari yake viwekwe kama mdhamini. Barua nitaiandika kwa Kiingereza, lakini aya yenyewe kwa Kiswahili ni hii:

"Ninaweza kufanya kazi kila siku mtakayonipangia kuanzia Jumatatu tarehe 15 Desemba hadi Jumapili tarehe 18 Januari. Chuo changu kinafunguliwa tarehe 19 Januari, na baada ya hapo nitaweza kuja Jumamosi za tarehe 24 na 31 Januari kwa kazi ya kubadilisha vitabu na kuhesabu bidhaa. Kwa miaka miwili nimemsaidia shangazi yangu kila Jumamosi kuuza madaftari na vifaa vya shule, na kila jioni tulihesabu pesa pamoja na kuzilinganisha na daftari la mauzo. Ninaishi Likoni, na ningependelea zamu ya asubuhi, ingawa kaka yangu anaweza kunipokea kivukoni nikipangiwa ya jioni."

Je, nimesema mengi mno?

Msimamizi wa Zamu

Hujasema mengi. Badilisha kitu kimoja tu: "kila siku mtakayonipangia" ifanye "siku sita kwa wiki", ili mwanzo kabisa ieleweke kwamba nawe unapumzika. Ipeleke Jumanne au Jumatano kabla ya saa nne asubuhi, magari ya wachapishaji yakiwa bado hayajaanza kushusha maboksi, na umuulize aliye mlangoni jina la anayepokea maombi. Usiende Jumamosi, na usiiache kaunta kwa mtu asiyejua ni ya nani.