Wenye pikipiki, mnajaza upepo kiasi gani? Tupeane uzoefu

Chuma Chakavu
Wakuu habari za Jumapili. Nimetoka kujaza upepo sasa hivi. Dogo wa kompresa kajaza, kagonga tairi kwa ngumi, kasema "iko poa kaka". Geji ninayo begini, nikapima: nyuma PSI 45, mbele 40! Boxer hiyo, na sina abiria. Nikamkumbuka jamaa yangu mmoja, alipita kwenye tuta na matairi yamejaa hivi hivi, usukani ukamponyoka. Nyie mnajaza ngapi, na yamewahi kuwakuta yapi?

Fundi Spoki
Boxer mbele 25, nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukipakia. Pikipiki nyingi zina stika kwenye kava la cheni, ila mmezibandua mkabandika Simba na Yanga.

Dole Gumba
Mimi nabonyeza kwa kidole. Miaka yote, na nipo hai.

Fundi Spoki
Kidole hakiwezi kutofautisha 18 na 28. Tairi lenye ukuta mgumu utalibonyeza utachoka, kumbe ndani upepo hamna.

Mshuka Milima
Mmenikumbusha mbali. Wanaoijua barabara ya Lushoto kushuka Mombo wanajua kona zake, upande huu mwamba, upande huu bonde. Nilikuwa na pikipiki ya shemeji, nyuma nimefunga matenga mawili ya mapeasi nayawahisha Mombo. Kumbe shemeji alikuwa ameipeleka Mlalo, akapunguza upepo ili isirukeruke kwenye mawe, akairudisha kimya. Hajajaza, hajasema.

Kutoka Lushoto hadi Soni naona tu mkia mzito, nikiingia kona unachelewa kunifuata. Nikasema ni mzigo. Baada ya Soni, kona ya kushoto, nikasikia "pwaa!" chini ya kiti. Upepo wote ukatoka kwa mkupuo mmoja. Tairi la nyuma likaanza kucheza kulia kushoto kama samaki aliyetupwa mchangani, na mbele yangu Fuso inapanda, inapiga honi.

Breki ya nyuma sikuigusa. Niliachia mafuta, nikaushika usukani kwa nguvu zote, ya mbele naibana kidogo kidogo, nikaupeleka upande wa mwamba. Niliishia mtaroni, goti limechunika, matenga yamepasuka, mapeasi yanabingirika lami nzima hadi yule wa Fuso akasimama.

Fundi alipovua tairi, nozo ilikuwa imenyofoka kwenye shina lake. Akaniambia upepo ukiwa mdogo na mzigo ni mkubwa, tairi linateleza juu ya rimu na kuuvuta mpira wa ndani, wakati nozo imebanwa kwenye tundu la rimu haiwezi kwenda popote. Lazima ikatike. Tangu siku ile siazimi pikipiki ya mtu bila kupima.

Binti Tabata
Pole sana 😢 Na mapeasi je?

Mshuka Milima
Watoto walishayaokota kabla sijasimama. Wengine walikuwa wanatafuna huku wananipa pole.

Kona Kali
Samahani mkuu, mbona nahisi ulikuwa unashuka gia huru kubana mafuta? Upepo unasingiziwa hapa.

Mshuka Milima
Ulikuwepo?

Kona Kali
Sikuwepo ila nawajua.

Bi Mkubwa
Acheni malumbano. Mimi sijui kuendesha ila nina pikipiki ziko barabarani, na tairi ndilo linaloniambia dereva wangu anaishije. Kashata za tairi, yale meno yake, zikiisha katikati tu, huyo anajaza kupita kiasi. Zikiisha pembeni katikati zimebaki, huyo anatembelea upepo mdogo. Wote wawili tairi jipya wanataka nitoe mimi, na hesabu ya jioni bado inakuja pungufu.

Mchanga Mwingi
Huku Mkuranga ndanindani ukiingia mchangani na 28 unalala. Mimi nateremsha hadi 18, nikifika lami natoa pampu ya mguu najaza tena.

Fundi Spoki
18 na mzigo kwenye tairi la mpira wa ndani? Msome tena mwenzako wa mapeasi.

Mchanga Mwingi
Mchangani natembea taratibu, fundi. Njoo upite huku na hiyo 28 yako nikuone.

Nduthi ya Kitui
Sisi huku tukibeba makaa nyuma tunatia 36 na hakuna shida.

Fundi Spoki
Shida ipo, inakusubiri kwenye kokoto.

Jua la Dodoma
Mimi nilipima saa saba mchana nimetoka safari, nikakuta 33 wakati asubuhi niliweka 29. Nikatoa. Kesho yake asubuhi nakuta 25, nikadhani pancha, mpira ukafunguliwa, tundu halionekani, na hela ya fundi imekwenda.

Fundi Spoki
Tairi likipata moto upepo unatanuka, kipimo kinapanda. Ule wa kitabu unapimwa tairi likiwa la baridi, asubuhi kabla hujatoka. La moto liache lilivyo.

Dole Gumba
Na mshikaki je? Abiria watatu tunajaza ngapi?

Bi Mkubwa
Mshikaki hauna kipimo, una PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi.

Chuma Chakavu
😂😂 Basi nimeshusha, 25 na 28. Nimezunguka mtaa mmoja, usukani umetulia kabisa. Ila dogo wa kompresa kanuna, anasema nimemharibia kazi. Binti Tabata, wewe unajaza ngapi?

Binti Tabata
Mimi ni abiria jamani, nilikuja kwa ajili ya mapeasi. Sasa nitakuwa nawauliza madereva kabla sijapanda, wataniona kichaa.

Dole Gumba
Geji nzuri zinapatikana wapi? Si kwamba naacha kidole.

Fundi Spoki
Kariakoo zimejaa. Pima tairi moja kwa geji mbili tatu palepale dukani, inayopishana na wenzake iache.

Kona Kali
Huyu wa mapeasi bado hajajibu la gia huru.