Pampu yajiwasha usiku na mifereji yote imefungwa, presha yaenda wapi?

Wa_Bamburi
Assalam aleikum jamaa. Naomba msaada kwa mafundi na yeyote anayezijua hizi pampu za maji za nyumbani. Tuko Bamburi, Mombasa, nyumba ina ghorofa moja juu, maji ya mgao yakija yaingia tangi la saruji la chini, kisha kuna pampu ya kuvuta na kusukuma pamoja na ule mtungi wake mwekundu wa lita 24, swichi ya presha na geji. Miaka yote ilikuwa haina taabu. Sasa tangu Ramadhani iishe imeanza kujiwasha yenyewe, usiku watu wote wamelala, mifereji imefungwa, utasikia yanguruma sekunde chache yazima, zikipita kama dakika 20 hivi yanguruma tena, hivyo hivyo mpaka alfajiri. Chumba cha mamangu ni ukuta mmoja na pampu na yeye hata bila kelele usingizi kwake ni shida, hilo ndilo laniuma zaidi kuliko hata tokeni za stima.

Na mchana nako, nikifungua mfereji wa jikoni pampu yawaka yazima yawaka yazima, mshale wa geji wapanda na kushuka papo hapo. Nimezunguka kuta zote hakuna unyevu, hakuna panapotona. Fundi mmoja alikuja akatizama kidogo akasema pampu imekwisha ninunue mpya. Ni kweli au nisubiri kwanza?

Fundi_Majengo
Aleikum salaam. Usinunue. Pampu iliyokwisha haipandishi presha, yako yapandisha mpaka mwisho na swichi yaizima, kwa hiyo kazi yake yafanya. Shida yako ni kuwa presha ikishapanda haikai. Na ukisoma vizuri ulivyoandika una maradhi mawili wala si moja, watu wengi huyachanganya kisha wanabadilisha kitu kizima.

Hilo la kujiwasha usiku na hakuna anayetumia maji, maana yake kuna maji yanatoka pahali, ama yanarudi tangini kupitia futi valvu, ile ya kuzuia maji yasirudi, iliyo mwisho wa paipu ndani ya tangi, ama yanapita ndani ya nyumba polepole bila wewe kuyaona. Hilo la kuwaka na kuzima haraka haraka mfereji ukiwa wazi ni jengine kabisa, huo ni mtungi hauna upepo.

Anza na la usiku manake halitaki hata spana. Baada ya mtungi, pale paipu inapoingia nyumbani, lazima kuna geti valvu, ile koki ya kufungia maji ya nyumba nzima. Wakilala watu, iache pampu ijaze mpaka izime yenyewe, kisha zima swichi ya ukutani ya umeme wake, funga hiyo geti valvu, upige picha ya geji kwa simu. Rudi baada ya nusu saa upige nyengine. Mshale ukiwa umeshuka maji yanarudi nyuma, toa paipu usafishe futi valvu, hapa kwetu hushikwa sana na chokaa na mchanga, pwani yote hii ni mawe ya matumbawe na maji ya kisima yana chokaa ya kutosha, tena tangi likikauka kisha mgao ukaingia kwa nguvu, taka zote za chini huvurugika zikaenda kukaa pale kwenye mpira wa valvu. Lakini mshale ukiwa umesimama pale pale, basi pampu na valvu zako ni nzima, katafute ndani ya nyumba.

MamaNyali
Fundi amesema kweli, na mimi niongeze kuhusu ndani ya nyumba. Kabla hujavunja tailizi hata moja tizama vyoo. Choo kikivuja hakivujii sakafuni, maji yanateremka kimyakimya ndani ya bakuli na wala huyasikii. Chukua rangi ya biriani, ile ya unga, tia kidogo kwenye tangi la flashi usiku na mtu yeyote asiflashi. Asubuhi ukikuta maji ya bakuli yamegeuka rangi ya machungwa umeshampata mwizi wako. Fanya vyoo vyote hata kile cha wageni kisichotumika.

Wa_Bamburi
Shukran sana, usiku huu huu nafanya. Lakini fundi huo upepo wa mtungi nao naujuaje? Mimi nilidhani mtungi ni wa kuwekea maji tu.

Mvita_Ughaibuni
Ngoja nijibu hapa nami, mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale lakini niko Uingereza na kazi yangu ni maboila ya kupasha nyumba joto, ndani yake mna mtungi wa aina hiyo hiyo. Ndani ya mtungi kuna mpira, upande mmoja maji na upande wa pili upepo. Maji hayabonyei, upepo ndio wabonyea, kwa hiyo presha yenu yawekwa na ule upepo. Ukiisha, ukitoa hata kikombe kimoja cha maji presha yaanguka yote mara moja na swichi yaita pampu, ukifunga yajaa mara moja yazima. Ndio huko kuwaka na kuzima unakokuona jikoni. Mtungi wa lita 24 ukiwa na upepo sawasawa waweza kutoa kama lita 8 kabla pampu kuwaka.

Kwa nyuma au juu ya mtungi kuna kifuniko cha plastiki, fungua, ndani utakuta valvu kama ya tairi. Bonyeza kile kisindano kidogo. Ukitoka upepo ni salama, yakitoka maji mpira umepasuka, hapo hakuna dawa ila kubadilisha mpira au mtungi.

Fundi_Majengo
Sawasawa kabisa. Ila hapa wengi hukosea kupima, wanaweka geji ya tairi mtungi ukiwa na maji ndani, watasoma presha ya maji wafikiri ni upepo. Zima umeme, fungua mfereji wa chini kabisa, ule wa bustani kama upo, uache wazi mpaka maji yakome. Si wa jikoni ya juu, manake maji yaliyosimama ndani ya paipu za ghorofani yanasukuma pia, kila mita 10 za kwenda juu ni ba 1 (ba ni kipimo cha presha), kwa hiyo mita 5 tu ni nusu ba ambayo itakudanganya. Mtungi ukiwa mtupu ndio upime.

Swichi nyingi za pampu zikitoka dukani huwasha kwenye ba 1.4 na kuzima kwenye 2.8, yaani 20 na 40 kwa hesabu ya tairi (psi). Upepo unatakiwa uwe chini kidogo ya pale pampu inapowaka, kwa hiyo weka 18. Kama swichi yako ilishawahi kuchezewa, soma kwanza kwenye geji pampu inawaka wapi kisha utoe 2 kwa hesabu hiyo ya tairi. Pampu ya baiskeli yatosha, huna haja ya kubeba mtungi mpaka petroli stesheni.

BiKibokoni
Samahani naingilia, huyo mwanangu wa Uingereza nimuulize. Binti yangu yuko huko anasoma, boila ya nyumba waliyopanga kila mara yashuka presha mpaka sufuri na nyumba yawa barafu, anaijaza maji, siku chache tena sufuri. Mwenye nyumba hamjibu. Namuonea huruma.

Mvita_Ughaibuni
Mama shikamoo, pole na mpe pole. Mwambie atizame geji mara mbili, boila ikiwa baridi na ikishapata moto vizuri. Baridi yatakiwa iwe kati ya ba 1 na 1.5, ikipata moto hupanda kidogo, mpaka karibu na 2 si ajabu. Akiona yapanda mpaka karibu na 3, basi ni ugonjwa ule ule wa jirani yetu wa Bamburi, mtungi hauna upepo, maji yakipanuka kwa moto hayana pahali pa kwenda, valvu ya usalama hufunguka kwenye ba 3 ikayamwaga nje, boila ikipoa presha yote imekwenda. Atoke nje ya nyumba atizame kipaipu cha shaba kinachotokeza ukutani upande wa boila, kikiwa kinatona au ukuta umelowa chini yake ndio hicho.

Kama haipandi hivyo bali yashuka tu pole pole, apapase valvu za chini za rejeta, vile vyuma vya ukutani vya kupasha joto, kila chumba kwa karatasi kavu, ikilowa amepata. Na ahakikishe wakishajaza wanafunga valvu zote mbili za ule mpira wa kujazia. Lakini mama, asiifungue boila yenyewe hata kidogo, ile ni gesi, na sheria ya huku ni lazima awe fundi aliyesajiliwa Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi. Amuandikie mwenye nyumba kwa barua pepe pamoja na picha za geji, maandishi yanamsaidia kuliko simu, nyumba ya kupanga huku kutengeneza mfumo wa kupasha joto ni jukumu la mwenye nyumba kisheria.

BiKibokoni
Marahaba mwanangu, Mungu akujaalie. Namtumia sasa hivi.

Wa_Bamburi
Narudi na majibu. Geti valvu nilifunga, mshale haukusogea hata kidogo, picha zote mbili sawa. Kwa hiyo futi valvu ni nzima. Rangi ya biriani nikatia vyoo vyote, kwenda kutawadha alfajiri choo cha juu bakuli lote ni rangi ya machungwa!! Nimefunga kikoki cha choo hicho na usiku uliofuata pampu haikuwaka, mamangu amelala mpaka adhana. Wallahi sijui niwashukuru vipi.

Mtungi nao nimemwaga maji kwa mfereji wa uani nikapima, upepo ulikuwa 5 tu, ulitoka upepo hayakutoka maji, nikaujaza mpaka 18. Jikoni sasa maji yatoka kwa nguvu moja na pampu yakaa muda ndio yawaka. Je hicho choo ninunue flashi nzima?

Fundi_Majengo
Alhamdulillah. Flashi nzima hapana kwanza. Fungua tangi lake utoe ule mpira wa chini, upapase na kidole, ukiwa umekauka au umepinda badilisha huo tu, nenda nao dukani mkononi manake hulingana kwa macho lakini saizi ni mbali mbali. Pale unapokalia mpira, sugua chokaa kwa kitambaa na siki, usikwaruze kwa kisu utaharibu zaidi. Ukirudisha, tia rangi tena usiku mmoja kabla hujakifungua kwa matumizi. Na huo upepo wa mtungi upime tena mwezi ujao, kutoka 18 mpaka 5 yaweza kuwa ni uzee tu kwa miaka mingi bila kujazwa, lakini ukishuka haraka basi hiyo valvu ya tairi haishiki, kisindano chake huuzwa kwa mafundi wa baiskeli.