Tupeane uzoefu: maumivu ya uso ambayo hakuna anayeyaona

Mama Mtandio: Jana katika daladala ya Mbagala alipanda mama mmoja aliyejifunika shavu la kushoto peke yake, jua likiwa la saa saba mchana, na alipofika kituoni hakutamka neno la kushusha bali aligonga bati kwa pete yake. Nilimtambua papo hapo. Sisi wenye maumivu ya neva ya trijemina, ile inayopeleka hisia za uso, hujulikana kwa namna tunavyoukimbia upepo na kuogopa kufungua kinywa. Wenzangu, ninyi mlianzaje?

Magego Matatu: Habari ya hiyo pete imenifanya niketi chini. Nilianza mwaka 2016 nikiwa ninapiga mswaki: shoti ilinipita kutoka sikioni hadi kidevuni, ikadumu sekunde chache, ikaondoka bila kuacha uvimbe wala wekundu. Daktari wa meno aling'oa gego la mwisho, nikapata nafuu ya wiki mbili na kumsifu kila nilipopita, kisha shoti ikarudi. Aling'oa la pili. La tatu nilimsihi mimi mwenyewe, na leo najua yote yalikuwa mazima.

Siku mbaya kuliko zote ilikuwa ya kumzika baba. Shangazi alinishika shavu kwa huruma, nikapiga ukelele, na waliokuwapo wakadhani ni uchungu wa kufiwa, hivyo wakazidi kunikumbatia na kunipangusa machozi, na kila kidole kilichonigusa usoni kiliamsha shoti nyingine, nami sikuweza kuwaeleza kwa sababu kusema nako kulikuwa kunaiamsha. Hadi leo nasifiwa ukooni kwamba nilimlilia baba kuliko ndugu zangu wote.

Binti Pangani: Ni hivyo hivyo. Mimi meno mawili.

Mzee Kijiko: Mnazunguka mbali. Bibi yangu alikunywa kombe, yale maji ya aya za Kurani zilizoandikwa na kuoshwa, siku saba, akakaa mwezi mzima bila maumivu.

Mkaa Dirishani: Shikamoo, mzee. Kutulia mwezi mzima ndiyo tabia ya ugonjwa wenyewe. Huja na kuondoka, na chochote ulichokunywa siku ulipoondoka hupewa sifa. Neva hii ni ya tano katika jozi 12 zinazotoka kwenye ubongo, na mara nyingi mshipa wa damu huigandamiza karibu na shina la ubongo hadi utando wake unachubuka, kama waya uliochunwa plastiki. Ndiyo maana upepo tu unatosha, na ndiyo maana parasetamoli haifui dafu.

Mzee Kijiko: Marahaba. Sikusema watu waache hospitali. Usome kwanza ndipo ujibu.

Mkaa Dirishani: Nilisoma, mzee wangu.

Posa Iliyorudi: Naomba niwaamulie kwa kisa changu. Dawa niliyoandikiwa ni kabamazepini, ambayo wengi wanaijua kuwa ni ya kifafa, ingawa maumivu haya yametibiwa nayo tangu miaka ya 1960. Mwezi mmoja kabla ya ndoa, wifi wa mchumba wangu aliiona katika begi langu, akaenda kumuuliza muuza dawa, na jioni hiyo wazee walikutana bila mimi. Nilipoitwa kujieleza, feni ya sebuleni ilinielekea usoni. Shoti ikanipiga, uso ukanikunjamana upande mmoja, nikashika meza, na mama mmoja akapaza sauti, "Si mnaona wenyewe!" Mahari yalirudishwa siku ya tatu.

Binti Pangani: Ya Rabi! Na huyo binti alisemaje?

Magego Matatu: Yaani walikuweka mbele ya feni?

Mama Mtandio: Poleni, lakini turudi kwenye mada. Mnakulaje? Mimi hunywa uji wa vuguvugu kwa mrija.

Binti Pangani: Mrija ndio unaoniua, maana kunyonya kunavuta shavu. Tumia kijiko kidogo, tafuna kwa upande usiouma.

Mkaa Dirishani: Msiache kabamazepini ghafla hata mkijisikia vizuri, na mpimwe damu, kwa kuwa inaweza kushusha sodiamu mwilini. Kina mama wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango wamwambie daktari, kwani kabamazepini hupunguza nguvu ya vidonge hivyo. Dawa ikishindwa upo upasuaji: hutobolewa tundu nyuma ya sikio na kuwekwa kipande cha Teflon kati ya mshipa na neva.

Mzee Kijiko: Teflon ya kikaango?

Mkaa Dirishani: Hiyo hiyo, mzee.

Mzee Kijiko: Basi mimi na kombe langu mniache.

Binti Pangani: Posa, hujajibu.

Posa Iliyorudi: Alilia, akaolewa kwingine. Nami nilioa miaka miwili baadaye, na safari hii kidonge nilikiweka mezani siku ya kwanza, mbele ya baba mkwe. Mke wangu hukaa kulia kwangu, upande usiouma, kitandani na garini, na feni tulishaiuza.