Naomba ushauri: kijana wangu anaandika historia ya loji ya skauti

Habari zenu wakuu. Kijana wangu ni skauti hapa Philadelphia, na loji yao (yaani tawi), Unami, ndiyo ya kwanza kabisa ya Order of the Arrow, chama cha heshima cha skauti wa Marekani. Goodman na Edson, viongozi wa skauti, waliianzisha 1915 kambini Treasure Island, kisiwa cha mto Delaware. Sasa kapewa kazi ya kuandika historia yake. Tarehe si tabu. Kinachomsumbua ni majina na sherehe zilizochukuliwa kwa Walenape, wenyeji waliosukumwa mbali na mto huo zamani. Ayaandike vipi bila kuwachefua wazee wa loji? Na mliowahi kuhoji wazee, mlianzia wapi? Mimi nafikiria ule mkanda wanaovaa wanachama, mweupe wenye mshale mwekundu. Wakiushika tu, watasimulia wenyewe.