Massachusetts, viti 9 na vyote vya Democratic: ni uporaji au ni ramani?

Wadau, hoja iliyoletwa hapa ni kwamba jimbo la Massachusetts, Marekani, limewapora Republican viti kwa namna lilivyochora mipaka ya maeneo bunge: mwaka 2024 Trump alipata asilimia 36 hivi ya kura za jimbo, lakini wabunge wote 9 waliokwenda Bunge la Wawakilishi ni wa Democratic. Hesabu ni za kweli. Mimi ni mpiga kura wa mji wa Lowell, huku huku Massachusetts, na hilo neno "kupora" silikubali.

Kila eneo bunge hutoa mtu mmoja, na anayeongoza ndiye anayebeba. Theluthi ya kura haikupi kitu kama watu wako hawajakaa pamoja. Republican wa huku wametapakaa kama chumvi kwenye mchuzi: kila mji wamo, ila ni nadra kuwa wengi. Wanahisabati wa Chuo Kikuu cha Tufts waliandika mwaka 2019 kwamba, kwa matokeo ya baadhi ya chaguzi zilizopita, hata uchore mipaka vipi hupati eneo moja la Republican kati ya 9.

Tazameni jimbo la Tennessee, nalo lina viti 9. Ramani ya maeneo bunge ya mwaka 2022 iliupasua mji wa Nashville vipande vitatu, kila kipande kikaunganishwa na mashamba ya mbali. Mji uliokuwa ukituma Democratic kwa zaidi ya miaka mia sasa una wabunge watatu wa Republican. Huo ndio uporaji, tena mchana kweupe.

Hata hivyo huku kwetu si kwema. Novemba 2024 karatasi yangu ilikuwa na jina moja tu la ubunge, Lori Trahan, na chini yake mstari mtupu wa kuandika jina la mwingine ukitaka. Republican walisimamisha wagombea katika maeneo 2 tu kati ya 9. Jirani yangu, fundi bomba, ni Republican wa damu; aliniambia sehemu hiyo aliiruka, angemchagua nani? Na msiseme watu wa hapa hawampi Republican kura kamwe. Mwaka 2018 Charlie Baker alirudishwa ugavana kwa zaidi ya asilimia 60, na siku hiyohiyo viti vyote 9 vikaenda Democratic.

Kwa hiyo ninachopinga ni kiti kimoja kwa kila eneo. Yawe maeneo 3 yenye wabunge 3 kila moja, viti vigawanywe kwa uwiano wa kura. Hapo theluthi inapata mtu wake, Massachusetts na Tennessee vilevile. Kinachozuia ni sheria ya Bunge ya mwaka 1967 inayotaka mbunge mmoja kwa kila eneo, si Katiba, na Bunge lililoitunga linaweza kuifuta.

Wanaosema mbunge mmoja kwa eneo ndiye anayewajibika kwa watu wake, nawasikia. Nielezeni basi: mbunge asiye na mpinzani anawajibika vipi kwa yule fundi bomba?